UZI: Motorola haikuanza na redio, ilianza na kisanduku cha umeme (ndugu wa Galvin, vibadala vya betri na redio za magari)

MasafaYaKati (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Historia ya redio ikisimuliwa majina ni yaleyale: Marconi, Fleming na vali yake ya 1904 (taa ya glasi inayoongoza mkondo wa elektroni), De Forest aliyeongeza gridi (waya wa kudhibiti mkondo ndani ya vali) mwaka 1906, Armstrong na superheterodaini ya 1918 (mzunguko unaogeuza masafa ya kila stesheni kuwa mamoja). Hao ndio waliotuletea redio, hatubishi. Lakini tazama kampuni zilizokuja kutajirika na redio pale Marekani miaka ya 1920. Nyingi hazikupita mlango wa mbele. Zilipita mlango wa uani, yaani kutafuta namna ya kuilisha redio umeme.

Chukueni hii ya ndugu wawili, Paul na Joseph Galvin. Paul alizaliwa 1895 huko Harvard, Illinois (mji mdogo, msichanganye na chuo). Mwaka 1921 yeye na rafiki yake wa tangu utotoni, Edward Stewart, walifungua kiwanda cha betri za akyumuleta (za kuchajika) Marshfield, Wisconsin. Kikafa 1923. Wakakutana tena Chicago, safari hii wakitengeneza vibadala vya betri, yaani kisanduku cha kuchomeka ukutani ili redio ya betri itumie umeme wa nyumba. Nako biashara ikaanguka, 1928, wadai wakapiga mnada.

Paul akaenda mnadani akanunua sehemu ya vibadala kwa dola 750. Tarehe 25 Septemba 1928 yeye na Joseph wakaandikisha Galvin Manufacturing Corporation, kwenye kipande cha jengo la kupanga Mtaa wa Harrison, Chicago. Fedha ya kuendeshea ilikuwa dola 565, wafanyakazi watano, mishahara ya wiki ya kwanza dola 63. Wengi mtandaoni wanachanganya 565 na 750. Ya mnada ni 750, ya mfukoni baada ya mnada ni 565.

Hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Motorola. Wenye kujua vifaa vyenyewe karibuni mtie nyama.

Chuma_Cha_Pua

Swali la mshamba: kwani redio ya wakati ule ilikuwa haichomekwi ukutani? Kibadala cha nini?

FundiVali

@Chuma_Cha_Pua si swali la mshamba hata kidogo.

Redio ya nyumbani ya mwaka 1925 ilitaka betri za aina tatu kwa wakati mmoja:

A ni ya kuwasha filamenti za vali. Akyumuleta ya volti 6, ileile ya gari. Vali ya kawaida ilikuwa 201A, inakula volti 5 na robo ampia. Ile volti moja iliyozidi inaliwa na reostati (kizuizi cha kurekebishwa kwa mkono) iliyoko mbele ya redio. Vali tano ni ampia 1.25. Akyumuleta ya ampia-saa 80 inakupa kama saa 64, halafu ubebe ukachaji.

B ni ya anodi, bamba la vali linalopokea elektroni. Matofali makavu ya volti 45, kila tofali seli 30 ndani. Unaunga mawili kupata 90, matatu kupata 135. Hizi hazichajiki, zikiisha unatupa.

C ni ya gridi, volti 4.5 za hasi kwa kawaida. Haitoi mkondo wowote wa maana, kwa hiyo inakaa muda mrefu mpaka watu wanaisahau. Ikifa, vali ya mwisho inavuta mkondo kupita kiasi na B inaisha haraka. Aliyenunua B mpya kila baada ya wiki chache mara nyingi ugonjwa wake ulikuwa kwenye C.

Sasa weka yote hayo sebuleni: akyumuleta yenye asidi, mvuke wake, nyaya sita au saba nyuma ya redio. Tone moja likidondoka zulia limetoboka. Ndiyo maana mtu aliyesema "nipe hela, nikutolee betri zote" alisikilizwa.

Mwanamasafa

Kwa anayetaka kuona ndani ya kibadala cha B, mzunguko ni mfupi tu:

Transfoma, upande wa pili una waya wa katikati, kama volti 300 kila upande. Rektifaya (kifaa cha kugeuza umeme wa nyumba uwe wa mwelekeo mmoja) maarufu ilikuwa vali ya gesi ya Raytheon aina ya BH, haina filamenti, inapitisha milliampia 125. Gesi hiyo ikiwaka inatoa kelele za masafa ya redio, ndiyo maana utakuta kapasita mbili ndogo za maikrofaradi 0.1, moja kutoka kila anodi hadi katikati. Mafundi wa siku hizi huzitoa wakidhani ni pambo, halafu wanalalamika redio inakoroma kwenye kila stesheni.

Baada ya hapo koili mbili za chuma za henri 20 hadi 30, zikiambatana na kapasita za karatasi: maikrofaradi 2, 2, na 8. Mwisho ni msururu wa rezista wenye matoleo, yaani sehemu za kutolea volti: 45 kwa ditekta (vali inayotoa sauti kwenye mawimbi), 90 kwa vali za masafa ya juu, 135 au 180 kwa vali ya spika.

Mvumo wa umeme wa hezi 60 ukipita rektifaya ya pande zote unakuwa hezi 120. Koili ya henri 30 inauzuia kwa omu 22,600. Kapasita ya 8 inaupitisha kwenda ethi (upande wa sifuri wa mzunguko) kwa omu 166. Gawanya: hatua hiyo moja inaupunguza mvumo mara 136 hivi.

Kapasita_Chakavu

Safi sana @Mwanamasafa. Na hapohapo ndipo unapoona kwa nini kibadala cha A kiliwashinda wengi. Kwenye B unashughulika na milliampia 30 au 40, koili inaweza kuwa ya waya mwembamba wenye omu mia kadhaa. Kwenye A una volti 6 na ampia 1.25, redio nzima inaonekana kama mzigo wa omu 4.8. Kapasita ya 8 yenye omu 166 hapo ni kama haipo. Ili ipungue chini ya omu 1 unahitaji kama maikrofaradi 2,000, na mwaka 1926 kapasita ya namna hiyo ilikuwa kopo zima. Koili nayo kila omu moja inakula volti 1.25 kati ya chache ulizonazo, kwa hiyo inataka waya mnene na chuma kingi. Ndiyo maana nyumba nyingi zilikuwa na kibadala cha B tu, na A wakaiachia akyumuleta yenye chaja ndogo inayochaji usiku kucha.

Chuma_Cha_Pua

Nimeelewa sasa. Nimeona mahali wanasema redio ikiwekwa kibadala inaanza kulia pu-pu-pu kama boti. Ni mvumo huohuo?

FundiVali

Hapana, huo ni ugonjwa mwingine. Mvumo ni mmoja, haubadiliki. Pu-pu-pu ni redio inajilisha yenyewe.

Betri mpya ina ukinzani mdogo sana ndani. Kibadala kina koili na rezista njiani. Vali ya spika ikivuta mkondo, volti ya toleo lake inashuka, na kwa kuwa ditekta inalishwa na msururu uleule, nayo inashuka, inapeleka ishara mbele, spika inavuta tena. Mduara unajirudia mara chache kwa sekunde.

Dawa: toleo la ditekta lipe rezista yake ya pekee, kiloomu 10 hadi 50, halafu kapasita ya 1 au 2 kwenda ethi upande wa redio. Kama bado, ongeza kapasita ya mwisho kwenye toleo kubwa. Usikimbilie kubadili vali.

Jambo jingine: usipime matoleo hayo kwa mita ya bei rahisi yenye omu mia tu kwa kila volti. Mita inakuwa mzigo, itakuambia 30 mahali penye 45. Inatakiwa angalau omu 1,000 kwa volti. Mita za kidijitali za leo hazina shida hiyo, ila na zenyewe zitakudanganya kama redio haijaunganishwa, kwa sababu bila mzigo volti inapanda juu sana.

Mwanamasafa

Kwa aliye na kifaa cha namna hiyo huku kwetu, kumbuka ni cha volti 110 hezi 60 na ukutani pana 230 na hezi 50. Watu wanashughulika na volti wanasahau hezi. Chuma cha transfoma kinajaa kulingana na volti ukigawa kwa hezi. Ukishuka kutoka 60 hadi 50, volti sahihi inakuwa 110 × 50 ÷ 60, yaani kama 92. Ukiipa 110 kamili itanguruma na kupata moto, na lami iliyo ndani itaanza kuvuja mezani. Tumia transfoma ya kurekebisha, simama kwenye 92 hadi 95.

Kuwasha mara ya kwanza:
- Unga balbu ya nyuzi ya wati 40 au 60 mfululizo na kifaa. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti. Zima.
- Mshukiwa wa kwanza ni kapasita za karatasi. Nta imenyonya unyevu. Zikivuja, BH inazidiwa, kisha transfoma inaungua, na transfoma hiyo hupati dukani.
- Pasha kopo la kapasita kwa hewa ya moto, vuta matumbo nje, weka ndani kapasita za plastiki za 2.2 kwa volti 630, ya 8 weka 10. Kwa nje kifaa kinabaki kama kilivyotoka kiwandani. Vaa glovu.
- BH imekufa? Diodi 1N4007, mbili mfululizo kila upande maana volti ya kinyume inafika 850 na diodi moja ina 1,000 tu, akiba haitoshi. Diodi hazili volti kama gesi ilivyokuwa inakula, kwa hiyo weka rezista mbele yake mpaka matoleo yarudi mahali pake.
- Filamenti za 201A usizizidishie volti 5. Zikizidi kwa muda, vali inawaka vizuri kwa macho lakini haisikii.

MasafaYaKati

Asanteni, ndicho nilichokitaka.

Narudi kwenye historia. Galvin alinunua biashara iliyokuwa inakufa. Mwaka 1927 RCA (kampuni kubwa ya redio Marekani) walishatoa vali za kutumia umeme wa nyumba moja kwa moja, 226 na 227. Kabla yao huko Toronto kijana Edward Rogers alishauza redio isiyo na betri tangu 1925, na Februari 1927 akafungua stesheni CFRB, herufi ambazo RB yake ni "Rogers Batteryless", yaani isiyo na betri. Rogers naye ni ukoo: alifariki 1939 akiwa na miaka 38, mwanawe Ted akaja kujenga kampuni ya mawasiliano yenye jina hilohilo.

Kwa hiyo tatizo moja, familia mbili. Galvin aliweka suluhisho nje ya redio, Rogers aliliweka ndani ya vali.

Kapasita_Chakavu

Na ni vizuri kueleza vali hizo zilishindaje, kwa sababu ndizo zilizoua kisanduku. 226 filamenti yake ni nene, volti 1.5 na ampia 1.05. Kitu kinene hakipoi haraka kati ya wimbi na wimbi, kwa hiyo mvumo unabaki mdogo. Lakini kwa ditekta bado ulikuwa unasikika, ndipo ikaja 227: volti 2.5, ampia 1.75, waya wa moto uko ndani ya kimrija, na kinachotoa elektroni ni kimrija chenyewe, si waya. Hasara yake, unawasha redio unasubiri nusu dakika. Watu walizoea.

Naongeza: Galvin hakuwa peke yake mlango wa uani. Philco jina lake kamili lilikuwa Philadelphia Storage Battery Company, waliuza vibadala kuanzia 1925 na redio kuanzia 1928. Grigsby-Grunow wa Chicago, wenye redio za Majestic, nao walianza na vibadala vya B. Hawa wa mwisho walipaa haraka na kuanguka haraka, miaka ya mwanzo ya 1930 wakawa wamekwisha.

Jenereta_Ndogo

Sasa Motorola waliruka vipi? Si yule Bill Lear wa ndege za Learjet ndiye aliyegundua redio ya gari akawapa?

FundiWaDeshibodi

@Jenereta_Ndogo hiyo ni hadithi ya mtandaoni iliyopambwa. Redio za gari zilikuwepo kabla yao. Transitone ilikuwa sokoni tangu 1927, na Philco waliichukua 1930. Lear alikuwa na karakana jengo moja na Galvin na aliwasaidia sana kwenye koili na usanifu. Elmer Wavering, kijana wa Quincy, Illinois, alikuwepo pia, huyo baadaye akawa rais wa kampuni. Walichofanya ni redio ambayo fundi wa kawaida angeweza kuifunga kwenye karibu gari lolote, kwa bei ambayo haikuwa ya matajiri pekee: dola 110 hadi 130, wakati Ford Model A ya kawaida ilikuwa kama dola 500. Bado ni pesa, lakini si ndoto.

Kwanza walitengeneza redio za nyumbani kwa majina ya wauzaji wengine. Soko la hisa lilipoporomoka Oktoba 1929, wenye akiba kubwa wakamwaga redio kwa bei ya kutupa, Galvin akabaki hana pa kusimama. Juni 1930 Paul aliendesha Studebaker yake yenye redio hadi mkutano wa watengeneza redio Atlantic City. Kibanda cha maonyesho hakuwa nacho. Akaegesha nje, akafungulia sauti. Modeli ni 5T71. Jina Motorola ni "motor" ya gari ukiongeza "ola", mkia uliokuwa maarufu tangu gramafoni za Victrola.

Kufunga ilikuwa kazi ya siku nzima. Unabomoa deshibodi, unatoboa sakafu kwa ajili ya sanduku la betri za B (A inatoka betri ya gari, hiyo bure), unashusha kitambaa cha paa. Magari mengi ya wakati ule paa lilikuwa mbao na kitambaa, kwa hiyo antena ni wavu wa kuku uliotandazwa juu ya kichwa cha dereva. Wavu usiguse bodi popote. Kama gari lilikuja na wavu wake wa kushikilia kitambaa, unaukata pembeni pande zote mpaka uelee, kisha waya wenye ngao unateremka kwenye nguzo ya mbele. General Motors walipoleta paa la chuma kitupu kwa modeli za 1935, ujanja huo ukafa, antena zikahamia chini ya ubao wa kukanyagia.

Jenereta_Ndogo

Na kelele za injini?

FundiWaDeshibodi

Hapo ndipo wengi walikwama. Kila plagi ya cheche ni kisambaza mawimbi, kama kile cha Marconi, hata kanuni ni ileile: cheche na waya.

Utaratibu: rezista ya kiloomu 10 hadi 15 juu ya kila plagi, na moja kwenye waya wa katikati wa distribyuta. Kapasita ya maikrofaradi 0.5 au 1 kwenye toleo la dinamo. Nyingine ya 0.5 kwenye koili, upande unaotoka kwenye betri. Ukiiweka upande wa pointi (swichi ya distribyuta inayokata umeme wa koili), cheche inadhoofika na gari linakataa kuwaka, na mteja atakuambia redio imeharibu gari. Kisha mikanda ya shaba kuunga boneti na bodi.

Kutafuta chanzo: chomoa antena. Kelele ikikoma, inaingia kwa antena. Ikibaki, inapita waya wa umeme. Halafu kimbiza gari, zima injini likiwa linateleza. Ikikoma ni plagi au dinamo. Ikiendelea mpaka gari lisimame ni magurudumu ya mbele, mpira unazalisha umeme na grisi ya beringi inauzuia usishuke. Dawa ni springi ndogo ndani ya kifuniko cha gurudumu inayogusa ncha ya ekseli.

Betri za B zilianza kuondoka kwenye magari miaka ya mwanzo ya 1930 kwa sababu ya vaibreta, kipande kinachotikisika kama mara 115 kwa sekunde na kukatakata volti 6 ili transfoma ipandishe hadi 250 hivi. Tazama tena: kibadala cha betri, safari hii ndani ya gari. Ukifufua redio ya namna hiyo, usiweke vaibreta mpya kabla ya kubadili kapasita iliyo sambamba na upande wa pili wa transfoma, kati ya 0.005 na 0.02, ya volti 1,600. Thamani iwe ileile iliyoandikwa, usikisie. Ikivuja, pointi zinagandana, fyuzi inakatika ukiwa na bahati.

Na angalia ethi. Ford za wakati huo chanya iko kwenye bodi. Vaibreta inayojirektifai yenyewe ukiigeuza, volti inatoka kinyume na kapasita za elektrolaiti zinapasuka.

MasafaYaKati

@FundiWaDeshibodi hapo umenigusa: mwaka 1928 kisanduku cha kutoa betri sebuleni, miaka michache baadaye kisanduku cha kutoa betri chini ya sakafu ya gari. Hata redio zao za vita ni hesabu ya betri. SCR-536 ya mkononi, vali tano na kilo 2.3 pamoja na betri, ilifika kama maili moja. SCR-300 ya mgongoni, ya FM, vali 18 na kilo 16 hivi.

Na si wao tu. Redio maarufu iliyoitwa Saucepan Special (ya sufuria), iliyotolewa 1949 kwa wasikilizaji wa Rhodesia ya Kaskazini, pauni 5 redio yenyewe, betri shilingi 25, ikidumu saa 300. Betri nne zilitosha bei ya redio.

Familia: kampuni ilichukua jina la Motorola 1947, Paul alifariki 1959, mwanawe Robert akaishika hadi 1986, mjukuu Christopher akaiongoza kuanzia 1997, na alipong'atuka ukoo ukawa umetoka kwenye kiti.

Chuma_Cha_Pua

Swali la mwisho. Kapasita ya dinamo, naweza kuweka kwenye terminali ya F badala ya ile kubwa? Ndiyo iliyo karibu.

FundiWaDeshibodi

Usithubutu. Kwenye gari lenye regyuleta (kidhibiti cha dinamo), kapasita kwenye F inachoma pointi za regyuleta. Weka kwenye A, ile yenye waya mnene, na mguu wa kapasita ushikwe na skrubu ya mwili wa dinamo yenyewe, siyo bodi ya mbali. Kwangua rangi kwanza.

Mwanamasafa

Nyongeza ndogo: gari la 1930 kwa kawaida halina regyuleta, lina brashi ya tatu ndani ya dinamo ya kudhibiti mkondo, na terminali ni moja tu. Hapo huwezi kukosea. Ni magari ya katikati ya miaka ya 1930 kwenda mbele ndiyo yenye mtego huo.

FundiWaDeshibodi

Kweli kabisa, nimesahihishwa.